Pikapu Iliyolala Kambini

Thebeyame aliponzwa na heshima zake mwenyewe. Mtu mwingine yeyote, akiwa amekunywa alivyokunywa yeye siku ile, angebaki kwenye usukani, angeshusha kioo nusu, angejibu kwa mkato na pengine angepita. Yeye alishuka.

Ilikuwa Jumamosi mchana, anatoka mazikoni. Huku kwetu mtu huzikwa asubuhi na mapema, na jua likishapanda waliobaki hai hukaa chini wakanywa. Hiyo nayo ni sehemu ya mazishi, ingawa kasisi hujifanya haioni. Thebeyame ndiye aliyebeba jeneza kwenye pikapu yake nyeupe. Ndiye aliyebeba kuni, masufuria, mapipa ya maji na bibi wawili wasioweza kutembea. Kila mwenye chupa alimwona anastahili, na yeye si mtu wa kumkatalia mfiwa.

Njia ya kurudi inapita kwenye geti la mifugo, pale kwenye ule uzio mrefu wa serikali. Kila gari husimama hapo. Watu hushuka wakakanyaga mkeka uliolowa dawa, wasibebe ugonjwa wa kwato kwenye viatu vyao, na mwenye nyama mbichi hunyang'anywa. Thebeyame amepita geti hilo tangu hajaota ndevu. Alipoona watu wenye sare, hakujisumbua kutazama ni sare za rangi gani. Alizima gari, akashuka na tabasamu lake, akafungua boksi la barafu nyuma ili waone wenyewe kwamba hana kitu, kisha akaenda kukanyaga mkeka. Akateleza. Akakaa kitako katikati ya dawa.

"Nyama sina," akasema akiwa palepale chini.

"Nyama yako hatuna shida nayo, Rra," akajibu askari wa barabarani, akimwita bwana kwa heshima ya kwetu. "Inuka upulize hapa."

Mma Ditiro, mama anayelinda geti, alicheka mpaka akashika nguzo. Hakimu hakucheka. Alimfungia leseni mwaka mzima, akamwambia akishikwa anaendesha kabla ya mwaka kwisha atalala jela, na karani akaichukua kadi yake juu ya meza na kuitia kwenye bahasha.

Nisimsingizie mtu, Thebeyame si mlevi. Ni mwanamume wa makamo, mjane, asiye na mtoto, na pikapu ile ndiyo iliyomfanya awe mtu wa watu. Mgonjwa alipozidiwa, aliitwa yeye. Bibi harusi alipopelekwa kwa wakwe, alipelekwa na yeye. Uani kwake hapakukosa mtu amesimama na kofia mkononi, anaanza kwa habari za mvua kabla ya kufika kwenye haja yake. Sasa watu wakija atawaambia nini? Kwamba yeye, mtu wa kuitwa kwenye kila shida, kazuiwa barabarani kama mvulana? Na kuna mmoja ambaye yeye Thebeyame alimwogopa kuliko wote. Dada yake mmoja tu, marehemu, aliacha binti anayeitwa Boitshepo, na Thebeyame ndiye mjomba wake pekee chini ya jua. Kwetu mjomba wa upande wa mama ni mtu wa kuheshimiwa mpaka inachosha. Haolewi mtu wala hazikwi mtu bila yeye kusema neno. Wazo kwamba Boitshepo angemtazama na kumwonea huruma lilimkosesha raha kabisa.

Kwa hiyo hakurudi kijijini. Alikodi dereva wa teksi pale stendi ya mji wa mahakama, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, amwendeshee pikapu moja kwa moja hadi kambi ya ng'ombe, porini, mbali na lami.

"Mbona huendeshi mwenyewe, mzee?" dereva akamwuliza walipoingia kwenye mchanga.

"Macho yananisumbua."

"Macho," dereva akasema. Aliendesha kidogo. "Shemeji yangu naye macho yalimsumbua hivyohivyo. Mwaka mzima."

Thebeyame akatazama dirishani mpaka wakafika.

Kambini kulikuwa na mchungaji wake. Akampa likizo ambayo mchungaji hakuiomba, akamwambia asirudi mpaka aitwe. Yule bwana, pamoja na dereva wa teksi, alipanda gari lililokuwa limeleta dizeli kwa jirani na sasa linarudi mjini, anapunga mkono, hajui kafanya kosa gani. Baada ya hapo Thebeyame akabaki na ng'ombe, pampu ya kisima, kibanda cha bati chenye viti viwili, na ukimya.

Simu haishiki mtandao pale chini. Ili kuongea na mtu ni lazima upande ngazi ya tangi la maji mpaka juu kabisa, ushike chuma kwa mkono mmoja. Alipanda mara moja tu kwa hiari yake, kumpigia shemeji yake, baba yake Boitshepo.

"Gia boksi imekufa," akasema. "Nimekwama huku. Lakini si neno, ndama wengi mwaka huu, bora niwe karibu nao."

"Gia boksi," shemeji akasema.

"Ndiyo."

"Haya, shemeji. Pole sana. Ukihitaji kitu, utasema."

"Nihitaji nini? Maziwa yamejaa mpaka kwenye ndoo za kuogea."

Wakacheka wote wawili, simu ikakatika.

Majira ya baridi yakaingia. Asubuhi alinywa uji mchachu wa mtama amesimama, kwa sababu kukaa mbele ya kiti cha pili kitupu kulimkera. Alikuwa na desturi ya kuwasha pikapu kila siku ili betri isife. Aliisogeza mbele hadi kwenye miba ya zizi, akairudisha nyuma hadi palepale ilipokuwa. Mchanga ule ulikuwa ndani ya boma lake, si barabara, na hakuna sheria inayomkataza mtu kwenda kokote asikokwenda. Halafu alizima injini, akabaki kwenye usukani akisikiliza redio.

Redio yetu husoma matangazo ya vifo. Zamani alikuwa anayasikiliza kikazi: nani kafa, anazikwa lini, nitahitajika saa ngapi. Asubuhi moja ikasoma jina la Mma Seabelo, bibi wa nyumba ya nne kutoka kwake, ambaye miaka yote alimpeleka kliniki kila mwezi naye bibi kila mwezi alitapika kidogo mlangoni mwa gari na kuomba radhi. Jina lilisomwa, wafiwa wakatajwa, mahali pa mazishi pakatajwa, kisha ukaingia muziki. Thebeyame aliweka mkono kwenye ufunguo. Akauondoa. Nani atambeba? alijiuliza. Nani ataendesha taratibu kwenye yale makorongo, kwa ajili ya mifupa yake? Alilia, na aliporudi kibandani aliwatukana ng'ombe bila sababu.

Alianza kuongea na redio. Msomaji wa habari akisema "habari za asubuhi", alimjibu vizuri na kumwuliza watoto hawajambo.

Mwisho wa baridi, akiwa juu ya tangi anaziba mahali panapovuja, simu ililia mfukoni nusura aanguke. Ni shemeji.

"Boitshepo kapata watu," shemeji akasema. "Watu wa Mochudi. Wanakuja kuposa Jumamosi ya wiki ijayo, kabla ya jua kama kawaida. Bila wewe hatufungui mdomo, unajua."

Alijua. Posa ya kwetu huanza na kumalizwa kabla jua halijatoka. Mjomba asipokuwa kwenye kiti chake, wageni hukaa hapo chini na mashuka yao mabegani mpaka jua liwapige usoni, kisha huinuka na kuondoka, na aibu yote humwangukia binti.

"Nitakuwepo," akasema.

"Tukutumie gari?"

Hapo, kwa kweli, mlango ulikuwa wazi. Angeingia tu. Lakini Thebeyame alihisi joto la uso mpaka masikioni.

"Mimi nitumiwe gari? Mimi bibi kizee? Huyo binti nilimleta kutoka hospitali kwa pikapu yangu mwenyewe, ana siku tatu!"

"Najua, shemeji."

"Basi."

"Gia boksi imepona, kumbe?"

"Inapona," akasema Thebeyame.

Siku zile alinyoa ndevu, akatoa koti lake jeusi kwenye sanduku, akalianika. Posani mwanamume bila koti hapati hata pa kukaa. Alhamisi kabla ya mapambazuko alilivaa, akaingia kwenye pikapu, akawasha. Injini ilikuwa tamu kuliko kawaida yake. Alipita ile miba ya zizi kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze, akatoka kwenye njia ya mchanga, dirisha wazi, koo lake likijaa wimbo. Angefika kijijini mchana huohuo. Angeegesha mbele ya nyumba ya shemeji, watoto wangekuja kuchora kwenye vumbi la milango, na hakuna mtu angejua lolote.

Isipokuwa geti. Hakuna njia ya kufika kwenye lami bila kupita geti la mifugo.

Alisimamisha gari katikati ya mchanga. Aliona Jumamosi itakavyokuwa: kiti kitupu, Boitshepo ndani ya nyumba na shuka lake kichwani anasubiri, wageni chini, jua linakuja, na mjomba yuko mahabusu bila mkanda wala kamba za viatu. Hilo hata gia boksi isingelifunika. Alipiga usukani kwa ngumi, akajiita mpumbavu kwa sauti, kwa jina lake kamili na la baba yake. Kisha akarudi kinyumenyume mpaka kambini, maana pale hapakuwa na nafasi ya kugeuza.

Alifungulia maji yatiririke birikani, akaacha lango la malisho wazi, akawafunga punda wanne kwenye mkokoteni wa kuletea kuni. Koti alilikunja ndani ya gunia safi ili lisipate vumbi.

Punda hawana haraka na hawajui posa ni nini. Siku hiyo yote alikwenda na mgongo wa punda mbele yake, na alilala chini ya mkokoteni. Ijumaa mchana akafika getini. Mma Ditiro alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya karanga. Alimtazama yeye, akatazama punda, akatazama tena yeye.

"Rra! Leo umekuja na gari gani?"

"Unaliona."

"Hili nalo wanaliombea leseni?"

"Wewe mama, fungua geti."

"Shuka kwanza ukanyage mkeka. Taratibu! Taratibu, baba, usikae tena, sina taulo."

Thebeyame akakanyaga mkeka, mguu mmoja, mguu wa pili, ameshika ubavu wa mkokoteni, na kicheko kikamtoka asikitegemee. Alicheka mpaka machozi. Mma Ditiro naye akacheka, kisha akanyamaza akamtazama vizuri.

"Umekonda," akasema. "Unapikiwa na nani?"

"Najipikia."

"Nani yuko nawe huko?"

"Ng'ombe."

Mma Ditiro aliinuka. Alimjazia karanga kwenye mfuko wa shati, akawapa punda maji kwa ndoo yake mwenyewe. Thebeyame alikaa pale muda mrefu kuliko alivyohitaji. Yule mama alikuwa amemwona akiwa kitako kwenye dawa, kwa hiyo hapakuwa na cha kumficha, na hilo lilimpumzisha kuliko usingizi.

Alifika kijijini bado giza, Jumamosi. Aliwafunga punda nyuma ya uwanja wa mpira, kwenye vichaka, mbali na macho ya watu, akajipangusa uso kwa maji ya chupa, akavaa koti. Akatembea mpaka kwa shemeji kwa hatua za mtu aliyeegesha gari hapo nje tu.

Kiti chake kilikuwa kimewekwa. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekwishakaa, wamevaa makoti, na walipomwona walisimama wote. Shemeji alimshika mkono kwa mikono miwili na hakuuachia upesi. Hakuna aliyeuliza kaja na nini. Thebeyame alishukuru moyoni kwa hilo. Aliona wamedanganyika.

Wageni wakaingia, wanawake mbele, mashuka mabegani, wakakaa chini.

"Tumekuja kuomba kibuyu cha kutekea maji," akasema mzee wao.

"Vibuyu hapa ni vingi," akasema Thebeyame. "Vingine vina nyufa. Mnataka kipi?"

"Tunataka kile ambacho mjomba wake anakiita Boitshepo."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Thebeyame aliwazungusha kidogo, inavyotakiwa, akawakaripia kwa kuchelewa ingawa hawakuchelewa, akawauliza kama huko kwao kuna maji ya kutosha ya kutia kwenye kibuyu. Alisema vizuri. Hata wale wa Mochudi walitikisa vichwa. Alipotamka kwamba ombi limesikika, wanawake wakapiga vigelegele, na jua bado halijagusa paa. Kwa muda ule mfupi alikuwa mtu kamili, na alilijua hilo.

Kisha chai na maandazi vikatoka, watu wakalegea, na yule mzee wa Mochudi, mtu mwema asiye na habari, akainua kikombe chake.

"Tumesikia sifa za pikapu nyeupe," akasema. "Siku ya harusi bila shaka ni mjomba mwenyewe atakayetuletea bibi harusi?"

Thebeyame akageuka kuwatazama watu wake. Alitaka kuona nani atacheka kwanza, nani atasema ndiyo, nani zaidi yake? Hakuna aliyemtazama. Shemeji alikuwa anatazama chai. Wazee wa ukoo walitazama viatu vyao. Mama mmoja mlangoni alianza kufunga upya kilemba ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri. Ua mzima, watu wote wale, kila mmoja kapata kitu cha kushughulikia.

Hapo ndipo alipoelewa.

"Sina leseni," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Nilifungiwa. Nilikuwa nimelewa."

Boitshepo alikuwa ametoka ndani na sinia. Akaliweka chini, akapiga magoti mbele yake, kama inavyompasa.

"Tunajua, mjomba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Yule wa teksi aliyekupeleka alirudi akasema stendi. Jioni habari zilikuwa huku."

"Siku ileile," akasema Thebeyame.

"Ndiyo, mjomba."

Aliinua uso. Akawaona wote, mmoja mmoja, na shemeji na ile "haya, pole sana" yake kuhusu gia boksi. Akahesabu baridi nzima moyoni, redio, kiti kitupu, Mma Seabelo aliyebebwa na mtu mwingine.

"Mlijua," akasema. "Wote mlijua niko kule. Na hakuna hata mmoja aliyekuja?"

Hata wageni waliacha kutafuna.

"Tulikuwa tunakupa heshima yako, shemeji," akasema baba yake Boitshepo, taratibu. "Mjomba haulizwi habari ya aibu yake. Anasubiriwa aiseme. Wewe mwenyewe ndivyo ulivyonifanyia mimi, mwaka ule niliofukuzwa kazi. Tulisubiri. Nilikuuliza tukutumie gari."

"Ndiyo, uliniuliza."

"Kila Jumapili nilimwambia baba twende," Boitshepo akasema, na machozi yakamtoka. "Akasema hujaita."

Thebeyame alijua ni kweli, hakuita. Alimwekea binti mkono kichwani. Aliwakasirikia wote, na hakuona hata mmoja aliyekosea, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda.

"Umekujaje, mjomba?" Boitshepo akauliza chinichini.

"Na punda. Wako nyuma ya uwanja."

Hilo hawakuwa wanalijua. Shemeji alifunika uso kwa kiganja. Walitaka kumrudisha kwa gari, walisisitiza, lakini nani angewarudisha punda? Ng'ombe nao walikuwa peke yao. Kwa hiyo aliondoka alivyokuja, isipokuwa safari hii alipita katikati ya kijiji, koti mwilini, na watu walitoka kwenye nyua zao kumwamkia.

Kwenye geti Mma Ditiro alimwuliza kama amepata mke. Alisema amepata chai.

Kambini pikapu ilikuwa palepale, vumbi kwenye kioo. Aliingia, akakaa kwenye usukani, akawasha redio. Msomaji akasema habari za jioni. Thebeyame akafungua mdomo kumjibu, akaufunga, akazima. Kisha akatoka, akaenda kwenye tangi, akapanda ngazi polepole, magoti yakimuuma kwa safari, mpaka juu kabisa.

"Mjomba?" Boitshepo akapokea. "Umefika? Kuna nini?"

"Nimefika. Hakuna kitu." Akashika chuma. "Niko peke yangu huku."

"Unasemaje? Sauti inakatika, mjomba. Sema tena."

Angeweza kusema hakuna kitu, lala salama. Ilikuwa mdomoni.

"Nimesema niko peke yangu!" akapiga kelele, na ng'ombe wote wakainua vichwa birikani kumtazama. "Njooni!"